Nilivyokeneka mafuta ya mchaichai nyuma ya nyumba

Natengeneza sabuni za kuogea za mafuta ya nazi hapa Makorora, Tanga, na kwa muda mrefu kilichokuwa kinanila faida ni harufu. Mafuta ya mchaichai nilikuwa nanunua kwa vichupa vidogo, bei juu, na mara mbili niliuziwa mafuta ya kula yaliyotiwa manukato. Ile mara ya pili iliniuma sana, maana sabuni 60 zilikuwa zimeshakatwa ndipo nikagundua hazinukii kitu. Na mchaichai wenyewe umejaa nyuma ya nyumba mpaka tunaufyeka na kuutupa. Nikaamua nitayatoa mwenyewe.

Neno lenyewe nalijua tangu shule: kukeneka. Unachemsha kitu, kinageuka mvuke, unaupoza mvuke, unarudi kuwa majimaji, na ulichokitaka kinakuwa kimeachana na usichokitaka. Ukiinua mfuniko wa sufuria ya wali, yale matone yanayochuruzika kwa ndani ni maji yaliyokenekwa. Nikadhani nikishajua hilo nimemaliza.

Mara ya kwanza nilishindilia kilo 6 za majani kwenye sufuria la shughuli, nikayamwagia maji. Fundi wa friji alinitobolea mfuniko, akaunganisha mrija wa shaba wa mita mbili, na ncha yake nikaiingiza kwenye chupa iliyokaa ndani ya beseni la maji. Nikachochea kuni. Baada ya robo saa mtaa mzima ulinukia, majirani wananisifu kupitia uani. Lakini mrijani ulikuwa unafoka mvuke mtupu. Niliambulia vikombe viwili vya maji ya moto yasiyo na hata jicho moja la mafuta juu yake, na chini ya sufuria majani yameungua.

Nikampigia Ami, mdogo wake baba, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi Changamwe, Mombasa, mpaka kazi hiyo iliposimama mwaka 2013.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: "Tone likitoka, ukilikinga kwa kidole, ni la moto au la baridi?"

Nikamwambia tone sikuliona, niliona mvuke.

"Basi mafuta yako umewagawia majirani. Ile harufu waliyoisifu ndiyo mali yenyewe. Moto kila mtu anao, mwanangu. Kazi iko kwenye kupoza."

Akanisimulia kazi yao. Mafuta ghafi yanapashwa moto kwenye tanuri mpaka nyuzi 350 hivi, yanaingia kwenye mnara mrefu ambao chini ni moto na juu umepoa. Mvuke unapanda, na kila kitu kinageuka majimaji pale joto linapokitosha: mazito ya lami yanabaki chini, dizeli juu yake, kisha mafuta ya taa, halafu petroli, na gesi inatokea kileleni. Mnara wote ule, alisema, ni ngazi ya kupozea.

Kilichokuwa kinanitatiza ni kwamba sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 220, na sufuria langu la maji haliwezi kuvuka 100. Ami akanifafanulia kwamba maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinasukuma mvuke wake kama vile mwenzake hayupo. Misukumo miwili ikijumlishwa inatosha kuchemka hata kabla ya nyuzi 100. Maji yanayabeba mafuta mgongoni. Nilikaa nikalifikiria hilo usiku kucha, na mpaka leo naliona ni jambo zuri mno.

Nikaanza upya. Sasa majani nayakata asubuhi, nayaacha kivulini siku moja yanyauke, kisha nayakatakata vipande vya kidole. Chini ya sufuria naweka maji, juu yake wavu umekaa kwenye mawe matatu, na majani yanakaa juu ya wavu bila kugusa maji. Mrija sasa ni wa mita tano. Fundi aliukunja duara kama chemchemi, ukazama wote ndani ya pipa la maji, na ncha inatokea kwa chini. Naanza baada ya sala ya alfajiri kwa sababu maji ya tangi yanakuwa yamepoa, na pembeni naweka barafu ya wauza samaki. Mfuniko nauziba kwa donge la unga wa ngano, lililokandwa kama la chapati ila gumu zaidi.

Huo unga uliniokoa. Siku moja mrija ulijibana kwenye kona, mvuke ukakosa pa kutokea. Nikasikia mluzi, donge likapasuka upande mmoja na mvuke ukafoka kwenda ukutani. Ningekuwa nimefunga mfuniko kwa nati, sijui ningekuwa wapi. Tangu hapo, kabla ya kuwasha moto napuliza kwenye mrija nione kama pumzi inapita.

Siku iliyofuata alikuja mjumbe na mgambo wawili. Pipa, moshi, mrija wa shaba: walishaambiwa napika gongo. Sikuwalaumu. Gongo nayo hukenekwa, na pombe ya ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 huku methanoli, ile inayopofusha watu, ikitangulia kwenye 65, na mpikaji wa uani hana namna ya kujua kilichomo chupani. Nikabandua unga, nikafunua mfuniko. Mjumbe akainama, akavuta harufu, akasema, "Hii ni chai." Akaomba majani ya kwenda kupanda kwake.

Na tone? Lilitoka la baridi. Nililikinga kwa kidole kama alivyosema Ami. Moto wa makaa, mdogo, matone yanafuatana bila kuwa mkondo, na kila maji ya pipa yakipata uvuguvugu kwa juu nayachota na kutia mengine. Baada ya saa mbili, kilo 12 za majani ziliniachia kama mililita 35. Yalielea shingoni mwa chupa, rangi ya samli iliyoyeyuka, nikayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuyatia kwenye chupa ya kioo cheusi. Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi natia gramu 20 tu. Makali yake yanachoma ngozi, hivyo siyapaki wala siyauzi bila kuchanganywa. Yale maji yanayobaki chini bado yananukia, nayo tunapigia deki.

Ami nimemtumia sabuni sita kwa basi la Mombasa. Wiki hii naanza mrehani. Jaribio la kwanza lilinipa utando mwembamba tu usiovutika na bomba, kwa hiyo Jumamosi naongeza barafu.