Kigimbi kilichanika, tenisi sikuacha

Ukichanika kigimbi halafu mtu akakuletea mafuta ya nazi ya moto ili akuchue siku hiyohiyo, mshukuru, kisha jiondokee. Mimi nililetewa na watu wazima wenye akili zao, tena kabla sijatoka uwanjani. Msuli uliochanika unavuja damu ndani kwa ndani. Kuuchua ungali mbichi ni kuuongezea balaa.

Nilikuwa naukimbilia mpira mfupi karibu na wavu, nikasikia pah! nyuma ya mguu. Niligeuka kumfokea kijana wa kuokota mipira, nikidhani kanitwanga nao. Nyuma hakukuwa na mtu. Waliochanika wengi husimulia hivyohivyo, na kila mmoja ana mtu aliyemsingizia.

Kwa uvimbe nilitumia barafu za ukwaju za jirani. Ni ndefu na nyembamba, zinakizunguka kigimbi vizuri ukizifunga kwa kanga. Zikilegea, wanangu wanazinywa. Kilichokula hela ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kama laki mbili na ushee, na sehemu kubwa ilikuwa kuinua visigino tu. Usidharau. Kipimo alichonipa: mguu mbovu uinue kisigino peke yake mara 25, sawa na mzima, ndipo tuzungumzie kukimbia.

Sasa tuje kwenye kiti nilichokalia kufanya mazoezi ya tenisi kabla sijapona. Mwaka 1989, huko Key Biscayne, Marekani, mcheza tenisi Thomas Muster wa Austria alikuwa ameshatinga fainali ya mashindano ya huko alipogongwa na gari la mlevi, goti la kushoto likaharibika vibaya. Mguu ukiwa bado umefungwa, alipiga mipira ameketi kwenye kiti maalumu. Mwaka 1995 akabeba Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa. Nikajiuliza, Muster ana nini nisichokuwa nacho?

Ana kiti cha maana. Mimi nilibeba cha plastiki kutoka sebuleni. Mipira ya mwanzo niliipiga kifalme, hadi majirani wa uwanja wakasimama kutazama. Kisha kocha akarusha mmoja pembeni, nikaunyooshea mkono, miguu ya kiti ikatanuka taratibu, mmoja baada ya mwingine, nami nikashuka nayo hadi kwenye saruji, raketi ingali juu. Kocha, kijana mdogo tu, alicheka mpaka akachuchumaa. "Shikamoo mzee," akasema, "lakini hiyo ni auti."

Tuliazima benchi la mbao la mama lishe wa getini, kwa masharti kwamba chai na chapati tununue kwake. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ukiwa umeketi huwezi kuitegemea miguu, lazima uzungushe kiwiliwili. Leo fohendi yangu, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi, ni kali kuliko nilipokuwa mzima, na wanaobisha waje tupimane.

Jambo jingine, viatu. Nilikata kandambili kuukuu, nikaweka kipande chini ya kila kisigino. Kisigino kikiinuka, kigimbi hakivutiki sana. Weka pande zote mbili, la sivyo kiuno kitakudai.

Mashindano niliyorejea nayo uwanjani yalikuwa ya wakongwe wa klabu, wawili wawili. Kuruka wakati wa kusevu, yaani kuanzisha mpira, nilikuwa bado nakuogopa, basi nikasevu kwa chini, mkono ukipita usawa wa kiuno. Wapinzani wakalalamika kwamba ni utoto. Mwamuzi akawaambia sheria inaruhusu. Mpira ulikuwa ukidunda kidogo na kukata kona, wakawa wanauinamia kwa shida na vitambi vyao. Mechi ya kwanza tukashinda, ya pili tukachapwa vibaya, nami nilitoka kwa miguu yangu miwili nikitembea kwa madaha.

Kucheza peke yangu bado. Mipira mifupi ya kwenye wavu naiacha ipite, mwenzangu ananuna. Anune tu; kigimbi si chake.