Kamba, Mlango na Paka Aitwaye Nahodha

Kaskazi imeshika. Nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika, na makuti ya mapaa yetu huku mtaa wa Langoni, Lamu, yamekuwa makavu hadi upepo ukipita unayasikia yakilia. Wageni wanaupenda sana msimu huu. Sisi wenyeji tunaupenda pia, ila kila jioni kuna mtu anayeulizia nani kaacha jiko la makaa likiwaka na nani anachoma taka uani saa hizi.

Tangu ule moto wa mtaani nimekuwa nikiwaza habari za wanyama. Ulikuwa moto mdogo, namshukuru Mungu. Cheche ya jiko ilipanda kwenye paa la jikoni, watu wakapanga mstari wa ndoo, vijana wakakwea kung'oa makuti ya paa la pili ili moto ukose pa kurukia. Kufikia adhuhuri ulikuwa umezimika na hakuna mtu aliyeumia. Watu walitoka na magodoro, televisheni na bahasha za vyeti. Bibi mmoja alitoka na msala wake na redio, basi, akakaa barazani akingoja yaishe.

Nyuma ya nyumba ile alikuwapo punda. Alifungwa kwenye mnazi kwa kamba fupi ya nailoni, na kila alipovuta kwa woga fundo lilizidi kukaza. Mwenyewe alikuwa gatini anapakua saruji. Kijana mmoja akatokea na kisu cha samaki, akaikata kamba, punda akatimka kuelekea pwani na kuangusha mkokoteni wa mitungi ya maji njiani. Waliokuwepo walicheka. Mimi pia nilicheka, maana hofu ikitoka lazima itoke kwa mlango fulani.

Jioni barazani mzee mmoja akasema maneno niliyoyasikia tangu utotoni: mnyama kapewa akili na Mola wake, akiona hatari atajiokoa mwenyewe. Wengi wakaitikia. Na kwa paka wa mitaani wa Lamu, wale wembamba wenye shingo ndefu wanaoruka kutoka ukuta hadi ukuta, naweza kukubali. Lakini yule wa kwenye mnazi angejiokoa vipi? Paka aliyefungiwa ndani kwa sababu wenyewe wamekwenda harusini Matondoni? Kuku waliomo tengani? Tunamfunga mnyama miguu kisha tunasifu akili yake.

Tulipofika kwenye tsunami, mazungumzo yakachangamka. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyozaliwa Sumatra yalivuka bahari yote mpaka kwetu, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Baadaye zikaenea hadithi za tembo wa Sri Lanka waliohisi mapema na kukimbilia vilimani. Mzee alizijua zote. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba kule mbuga ya Yala, hukohuko Sri Lanka, kulikuwa na tembo wawili waliovishwa kola za satelaiti kabla ya siku ile, na watafiti walipofuatilia nyendo zao hawakuona dalili ya kukimbia kwa aina hiyo. Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "huenda hao wawili walikuwa wavivu." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Hata hivyo hakuna msikiti Lamu ambamo haijasomwa hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Kwa ninavyoielewa mimi, ambaye si maalim, uzito wote wa kisa kile uko kwenye kule kufungia. Angemwacha huru, riziki yake ingekuwa kwa Mungu. Alipofunga mlango, riziki ya paka ikawa juu yake. Nikaona moto na mafuriko havina hukumu tofauti.

Kuna ndugu yangu mmoja huniambia, "Watu kwanza, paka baadaye." Hakuna anayebisha. Ila watu na wanyama wao hawatenganiki kirahisi hivyo. New Orleans, mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoijaza maji, wako wengi waliokataa kuondoka kwa kuwa waokoaji na makambi hawakupokea mbwa wala paka. Wengine walikufa majumbani mwao na wanyama wao. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria inayotaka mipango ya serikali ya kuhamisha watu iwahesabu pia wanyama wa nyumbani. Hawakuitunga kwa huruma ya paka tu. Walishaona kwamba mtu mwenye mnyama ndani ya nyumba atarudi kumfuata, na akirudi, mwokoaji naye analazimika kurudi. Siku ya moto wetu kulikuwa na mtoto aliyeshikwa mkono mara mbili akitaka kuingia ndani kufuata vifaranga vyake.

Na si lazima twende Marekani. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza mto Tana, barabara ya Garsen kuja Lamu ilikatika pale Gamba, magari yakalala upande huu na ule. Watu wa delta wanayajua maji kuliko sisi. Wanajua mabwawa ya Masinga na Kiambere yakifurika huko juu, siku si nyingi maji yatafika kwao. Jamaa zetu wa kule walihama na mbuzi wote, wakiwahesabu mmoja mmoja. Mbwa hawakuwamo katika hesabu. Mmoja alibaki amefungwa langoni, kwa nia njema kabisa, alinde nyumba. Mbuzi ana bei ndiyo maana anakumbukwa. Simlaumu mtu aliyebeba watoto na gunia la unga ndani ya mtumbwi, lakini kufungua fundo hakuchukui nafasi mtumbwini.

Mjini kwetu mbwa ni wa kuhesabu, kwa hiyo nakuja kwa paka.

Paka wetu anaitwa Nahodha kwa sababu alizaliwa ndani ya mashua iliyopandishwa pwani kupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na tangu hapo anatembea kama mwenye chombo. Bibi, mama wa mama yangu, anashikilia kwamba paka ni wa nyumba wala si wa mtu. Katika hili Bibi ana haki kuliko vitabu. Paka akiogopa hakimbilii nje, anaingia mahali pake pa siri: chini ya kitanda, nyuma ya kabati, juu ya boriti. Katika moto hapo ndipo moshi unapomkuta. Na ukimhamishia nyumba ya shangazi ukamwachia siku ileile, utamkuta amerudi kwenye majivu ya kwao. Inabidi akae ndani ya nyumba ngeni wiki kadhaa, ashibe hapo, mpaka harufu ya pale iwe yake.

Kwa hiyo nilianza na tenga. Tenga la kuku, lile la fito, nikaliosha kwa maji ya bahari na jua hadi harufu ya kuku ikapungua. Sikumtia ndani. Nililiweka tu chumbani, mlango wake wazi, na kitambaa changu cha zamani chini. Mwanzo alilizunguka kama askari wa gereza. Nikaanza kumwekea vichwa vya samaki tasi karibu na mlango, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa. Baadaye nikaanza kufunga mlango kidogo na kuufungua kabla hajalalamika. Sasa analala humo mchana, kwa hiari yake, na mama analalamika kwamba tenga zima limepotea bure.

Pana jambo nililojifunza humo: kila hatua unayoiruka utailipa siku ya taharuki. Paka ambaye hajawahi kuingia tengani hataingia nyumba ikiwa na moshi na watu wakipiga kelele. Hapo dawa ni foronya. Unamfunika kwa shuka zito, unamkusanya mzimamzima pamoja na makucha yake, unamtumbukiza ndani ya foronya na kufunga mdomo wa foronya. Pamba inapitisha hewa. Mfuko wa plastiki, hapana kabisa. Nimeifanyia jaribio na mpwa wangu, na mikono yetu yote miwili ina ushahidi.

Mpwa huyo ndiye aliyeuliza iwapo tutamvusha Nahodha hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa boti. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1415 majirani zetu wa Malindi walimfikisha twiga China, tena kwa jahazi za upepo. Paka mmoja hatutashindwa, inshallah.

Kwa punda mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa punda ni wa kaka, na kaka ni mtu wa kazi asiyependa kufundishwa. Ana wawili, jike na dume lililohasiwa, wanabeba mchanga na mawe ya ujenzi. Kila usiku anawafunga mbali mbali ili wasipigane, anasema. Hawajawahi kupigana. Hospitali ya punda ya pale mjini, iliyoanzishwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987, inatibu bila malipo, na nilipompeleka yule jike kwa kidonda cha shogi, lile kapu la mizigo la mgongoni, nilisikiliza maelezo kwa makini. Punda huwa na mwenzake. Ukiwatenganisha ghafla, huyu aliyebaki anaweza kususa chakula. Na punda asipokula mafuta ya mwili wake yanamwagika kwenye damu, ini linashindwa, anakufa akiwa hana hata mchubuko. Siku ya kuhama, basi, wawili watoke pamoja, au walau waonane.

Tena punda akiogopa, wengi hawakimbii kama yule wa kwenye mnazi. Wanasimama. Anaganda pale, watu wanaanza kumchapa, anazidi kuganda. Hapo anahitaji mtu mmoja anayemjua, sauti ya chini, na mwenzake atangulie mbele. Kaka alikubali hili haraka kwa sababu amelishuhudia kila siku pale gatini.

Tulipobishana ni juu ya kamba. Nailoni ni nyepesi, haiozi na ni rahisi. Lakini nailoni kwenye moto inayeyuka na kugandia ngozi. Nilimwomba hatamu ziwe za pamba au ngozi, na kamba ya kufungia iwe ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kama alivyokuwa akitumia babu, ifungwe kwa lile fundo la mabaharia ambalo ukivuta ncha moja tu linafunguka lote. Kila mtoto wa Lamu analijua; tunafungia mashua kwalo. Kaka akasema mwizi pia analijua. Hoja ya haki. Tukaafikiana nusu njia: fundo la kuvuta, lakini punda wafungwe ndani ya ua, upande wa upepo, mbali na paa la makuti, na kisu kidogo kitundikwe ukutani kwa msumari. Kamba za usumba bado hajanunua. Anasema bei.

Mama ana mfuko wake wa dharura wa vyeti. Nimeongeza humo kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya Nahodha na picha yake niliyoichapisha, mimi na yeye pamoja, ili akipotea niweze kuthibitisha kuwa ni wangu. Chanjo yenyewe nairudia kila mwaka. Watu na wanyama wakibanana kambini kuumwa ni rahisi, na jeraha la kuumwa linataka maji na sabuni dakika 15 kabla ya yote, kisha hospitali, hata kama limeonekana dogo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali kidogo. Siku ile ya moto kuna paka wa jirani aliyeungua nyayo. Mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine nusu kidonge cha paracetamol, wote kwa huruma. Paracetamol inamuua paka. Mwili wake hauwezi kuisaga ipasavyo, damu inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha. Kilichomfaa ni maji ya kawaida yakimiminika juu ya nyayo kwa muda mrefu, kitambaa safi, na daktari wa mifugo. Na paka anayehema mdomo wazi baada ya moshi asingojwe hadi kesho hata akionekana ametulia, kwa sababu mapafu huweza kuzidi kuharibika saa kadhaa baadaye.

Limebaki suala la ufunguo. Mimi nashinda kazini, mama yuko sokoni asubuhi, kaka yuko gatini. Moto ukianza saa nne, aliye karibu na Nahodha ni mke wa jirani, na mlango wetu ni wa mbao nene wa zamani ambao hauvunjiki kwa bega. Nimempa ufunguo wa pili na kumwonyesha tenga liko wapi. Alicheka, akaniuliza kama na mimi nitamchukulia kuku wake. Nikasema ndiyo. Akanipa wake, na hesabu ya kuku, na onyo kwamba jogoo mwekundu anadonoa. Kesho nitakwenda kuonana na huyo jogoo. Mama anasema nivae mikono mirefu.