Jinsi nilivyochagua bwawa la kuogelea la nyumbani

Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, nilichimba shimo la karibu mita mbili kwenda chini, pale tulipotaka bwawa likae, nikalifunika kwa mabati. Nilichagua msimu wa mvua makusudi. Baada ya muda maji yalikuwa yamejikusanya chini, na hayakutoka juu. Shimo hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu.

Bwawa lililojaa hutulia kwa uzito wake. Tatizo huja siku ya kulimwaga maji ili lisafishwe au lirekebishwe: maji ya ardhini yaliyo chini yake hulisukuma juu, na ganda tupu linaweza kuinuka kama mtumbwi. La faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ndilo jepesi zaidi, lakini hata la zege huweza kunyanyuka au kupasuka. Lile la turubai la vinili, yaani plastiki inayotandikwa ndani ya shimo, lina kasoro yake: maji yakipenya kwa nyuma, turubai huelea na kujikunja.

Faibaglasi niliipenda, sifichi. Uso wake ni laini, mwani haupati pa kushika, dawa hutumika kidogo, na kwa kuwa ganda hutoka kiwandani likiwa kipande kimoja, kuliweka ni kazi fupi ukilinganisha na miezi ya zege. Ila ganda zima lazima lipite barabarani, kisha liingie uani. Njia yetu ya pembeni ni nyembamba, kwa hiyo kreni ingelazimika kulipitisha juu ya paa. Mke wangu aliuliza swali moja tu: “Likidondoka?” Mjadala ukaisha.

Vinili sikuifikiria sana. Gharama ya kuanzia ni ndogo, lakini turubai lenyewe hubadilishwa baada ya miaka kama 10, na sisi tunafuga mbwa wenye kucha.

Mabwawa yanayosimama juu ya ardhi hayakunivutia kwa sura, ila yalinipa wazo. Kwa nini tuchimbe mpaka kwenye maji? Tukakubaliana bwawa la zege, nusu ndani ya ardhi, na ukuta wake utokeze sentimita 60 juu. Hapo nilimtafuta mhandisi, kwa sababu ukuta uliotokeza hauna udongo wa kuuegemeza. Hubeba msukumo wote wa maji peke yake, na unataka nondo na zege, si matofali. Chini ya sakafu aliweka tabaka la kokoto na bomba la kwenda kwenye kishimo pembeni, ili maji ya ardhini yavutwe kwa pampu kabla ya kumwaga bwawa.

Fundi alitaka upande mmoja uwe na kina cha mita 2, eti bwawa bila kina si bwawa. Nilikataa. Nyumbani kwetu hakuna anayepiga mbizi. Tuliliacha na mita 6 kwa 3, maji mita 1.2 kote: lita 21,600 hivi, kiasi ambacho pampu ndogo inakimudu. Ndani tuliweka vigae. Lipu ya saruji ina vinyweleo, mwani hujishikiza humo, na huhitaji kupigwa upya baada ya miaka 10 hadi 15.

Muuzaji mmoja alitusifia mfumo wa chumvi akidai hauna klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini. Si kweli: kifaa hicho hutumia umeme kutengeneza klorini kutokana na chumvi hiyohiyo. Mimi naweka klorini ya kawaida na kupima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, ibaki kati ya 7.2 na 7.6.

Ukuta uliotokeza umekuwa benchi nzuri, lakini si uzio, maana mtoto anaupanda bila shida. Tumezungushia uzio wa mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe. Pampu iko upande wa pili wa ua, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala. Hilo aliamua mke wangu, wala hakuniuliza.