Bomba la maji, wiki ya 9: ndara imefanya nilichoshindwa mimi

Jana jioni winga wetu wa kulia alipanda stuli na bomba begani, akayumba, akajishika, akashuka akiwa amekunja uso. "Kocha, leo umetia nini humu ndani?" Sikutia kitu. Ni maji yale yale. Ila swali hilo nimelingoja tangu wiki ya nne, na nusura nimkumbatie.

Kwa waliopotea njiani: ni bomba la PVC la maji machafu, inchi 4, urefu wa mita 2, vizibo vya kufungua pande zote mbili. Mchezaji hulibeba begani akipanda na kushuka stuli, na maji yanayohama ndani humyumbisha, ili mwili ujifunze kujishika. Likijaa hubeba kama lita 17. Mimi natia nusu, na mizani ya samaki ikaning'inizwa kwenye mwarobaini ikasoma kilo 12 kwa jumla. Timu ni ya mtaa, Kisauni hapa Mombasa, wachezaji kumi na wanane wakiwa wamelipwa wote kazini kwa wakati, kumi na mmoja ikiwa mwisho wa mwezi umechelewa.

Wiki mbili za mwanzo kila mtu aliyumba kama abiria wa feri siku ya pepo. Wiki ya nne hakuna aliyeyumba. Nikajisifu, nikasema vijana wameiva. Kisha nikawarekodi kwa simu, nikaitazama picha polepole nikiwa kitandani, masikio yakanionyesha kilichonipita macho: walikuwa wakisikiliza. Maji yakimiminika upande mmoja hugonga kizibo, pwaa, halafu hutulia kidogo kabla ya kurudi. Wimbi hilo kutoka ncha hadi ncha huchukua karibu sekunde tatu. Kupanda stuli ni sekunde moja na ushee. Kijana anasubiri pwaa, anapanda, anashuka, maji yanakuja kumkuta keshamaliza. Nilikuwa nimewatengenezea saa ya ukutani, si zoezi.

Hapo ndipo wiki nne zangu zilipoishia.

Nilianza na filimbi, wapande nikipuliza. Siku mbili wakaijua filimbi yangu. Kumbe hata mimi nina mdundo. Nikaongeza maji mpaka robo tatu: bomba likawa gogo tu. Nikapunguza: likawa fimbo. Nikaweka ukuta katikati, vyumba viwili sawa sawa vya mita moja moja. Hesabu ilikuwa nzuri, chumba kifupi maji hurudi upesi, na kweli yalirudi upesi, lakini vyumba vyote viwili viligonga pamoja. Mazoezi matatu, wakazoea. Beki wa kati alianza hata kuimba taarabu juu ya ule mgongano, na alikuwa ndani ya mdundo barabara.

Mwenzangu anayewanoa makipa aliniuliza kwa nini naumia. Wapande stuli vile vile kila siku, wapate nguvu, basi. Nikamwambia habari ya watafiti Kerr na Booth, 1978: watoto wa miaka minane waliofanya mazoezi ya kurusha vifuko kwenye shabaha iliyo umbali wa futi 2 na futi 4 walikuja kuwashinda, kwenye futi 3, wale waliofanya futi 3 peke yake. Akasema hao walikuwa watoto. Sawa. Basi twende kwa fundi wa jua kali hapo jirani, tumtazame anavyopiga patasi. Nyundo inatua pale pale, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havirudii njia moja. Bernstein, mwanasayansi wa mwendo wa mwili, aliwapiga picha wahunzi namna hiyo kule Moscow miaka ya 1920, akaliita jambo hilo kurudia bila kurudia. Ninachotaka kwa winga ni hicho: nyayo itue vizuri, goti lisiingie ndani, nyonga isidondoke. Mwili ufike hapo kwa njia yake, maana Jumapili uwanjani hakuna atakayemsukuma kwa filimbi.

Na msinielewe vibaya, Jumanne ni chuma. Chuma kizito, miguu chini, hakuna mchezo, hakuna maji. Mwili unaoogopa kuanguka hautoi nguvu zake zote, kwa hiyo nguvu zenyewe hutafutwa mahali palipotulia. Ndiyo maana lile nusu-mpira la kusimamia juu nimelichukia toka siku nililoletewa. Ardhi ya Mombasa ina mashimo, ina mchanga, ina chupa, lakini haibonyei kama godoro. Kinachokutikisa kwenye mechi ni mtu anayekuegemea, na huyo yuko juu ya kiuno.

Tuendelee na bomba. Ukuta nikausogeza, sentimita 70 huku na 130 huku, ili migongano isikutane. Ukuta wa kwanza ulikuwa kifuniko cha ndoo, ukavunjika. Ijumaa usiku nikaiona ndara yangu ya kulia mlangoni. Nikakata duara la soli, kubwa kidogo kuliko tundu, nikalipaka sabuni, nikalisukuma kwa mpini wa ufagio. Gundi ilikuwa imekauka ndani ya kopo (ya kopo dogo hukauka daima, nunueni ya tyubu), nikasema nitagundisha Jumatatu.

Jumatatu ndiyo jana. Wakafanya mazoezi kabla sijagundisha, na winga akauliza lile swali. Nilipolifungua bomba nikakuta ndara imeteleza, 70 imekuwa 58, na kingo zinavujisha, maji ya chumba kimoja yanahamia kingine taratibu. Kila linapogeuzwa inasogea tena. Yaani bomba la seti ya kwanza si bomba la seti ya tatu, na hakuna anayejua litakuwaje, mimi nikiwemo. Gundi mpya nimeirudisha dukani.

Vizibo bado vinanitesa. Tepu nyeupe ya mafundi, mizunguko kumi na miwili na si mitano, na msiliache bomba juani: hewa ya ndani hupata moto, hutanuka, kizibo kikaachia. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalimwagika mgongoni mwa kipa.

Wiki hii nilikuwa nipime kuruka kwa chaki ukutani. Sijapima. Nimeshikwa na wazo la pwani ya Nyali: maji yakikupwa, mchanga wa chini ni mgumu kama lami na wa juu unameza mguu, na katikati kuna mstari unaohama kila siku kutoka bamvua, maji makubwa, hadi maji mafu, yale madogo. Mtu akiukata mstari huo kwa mshazari, bomba begani, mguu mmoja mgumu mmoja laini... nimeshauliza mvuvi saa za Jumamosi.

Wachezaji wanataka bomba la pili wasipange foleni. Ndara ya kushoto ipo.