Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya mkalimani wa viziwi, Masasi

Saa 11 alfajiri. Napitia mahubiri. Mchungaji hunitumia mistari tangu Ijumaa, kwa sababu maneno kama "upatanisho" hayana ishara ambayo kila kiziwi wa hapa anaijua. Ishara hukubaliwa na viziwi wenyewe mapema. Ukiibuni katikati ya mahubiri, wanabaki kuulizana huku mhubiri ameshafika mbali. Navaa shati la rangi moja, tofauti na ngozi yangu. Kitenge cha maua humeza vidole.

Saa 1:30. Napanga mabenchi nusu duara ili viziwi waonane wao kwa wao. Nasimama karibu na mimbari, dirisha lisiwe nyuma yangu. Mwanga ukitokea nyuma, uso unakuwa giza, na uso ni sehemu ya lugha: bila nyusi, swali halijulikani kuwa swali.

Saa 2, ibada. Tuko wakalimani wawili, tunapokezana kila dakika 20 hivi. Ukibaki peke yako, akili huchoka kabla ya mikono, na sentensi nzima zinapotea bila mtu kugundua. Kiongozi akisema "tufumbe macho tuombe", viziwi hubaki macho wazi. Kiziwi akifumba, maombi yamemwishia hapo. Wazee wa kanisa wameelezwa, maana zamani viziwi walionekana hawana heshima. Kwenye Meza ya Bwana mchungaji husema kwanza, hunyamaza, ndipo huinua mkate. Jicho haliwezi kufuata mikono yangu na mkate kwa pamoja.

Saa 4:30. Hapa ndipo panapouma. Wageni huja kuwashika viziwi masikio na kuwaombea mbele ya watu, bila kuwauliza. Mtu amekuja kuabudu, anafanywa mgonjwa kila Jumapili, mwisho haji tena. Marko 7:33 inasema Yesu alimtenga yule kiziwi na mkutano, faragha. Sehemu hiyo wahubiri wengi huiruka.

Saa 5, ushauri. Ishara husomeka hata kutoka ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo pazia linafungwa na anayeeleza shida yake huketi akiuelekea ukuta. Kama mkalimani ni ndugu au jirani yake, atafutwe mwingine. Mambo ya ndoa hayatasemwa mbele ya shemeji.

Saa 8 mchana, bodaboda kwenda kijijini. Kazi ngumu kuliko zote iko huku. Kijana kiziwi hajawahi kusoma, na nyumbani wana ishara chache za kwao: kula, maji, shamba, njoo. Msiba ukitokea anaona watu wanalia, hajui nani amefariki. Huwezi kumwanzia na habari za dhambi na neema. Tunaanza na picha za watu wa nyumbani, kila mmoja anapewa ishara ya jina. Kisha jana, leo, kesho. Bila wakati, hakuna kisa cha Biblia kitakachoeleweka. Mama na wadogo zake lazima wajifunze pamoja naye, la sivyo tukiondoka anarudi kwenye ukimya. Msimu wa korosho familia huhamia mashambani, na masomo tunayafuata hukohuko chini ya mikorosho.

Saa 11:30 jioni, jua likiwa bado lipo, narekodi video ya mstari wa wiki kwa ajili ya kundi la WhatsApp. Dakika moja tu, kwa sababu ndefu inamaliza bando. Simu naiegemeza wima, umbali wa kuonyesha kuanzia kichwa hadi kiunoni. Maandishi matupu hayatoshi. Wengi wao Kiswahili cha kuandikwa kinawawia kigumu.