Mkanda wa Tumbo wa Kubebea Bastola: Ninavyoupima Kabla ya Kuuamini

Mkanda wa tumbo ni kipande kipana cha elastiki kinachozungushwa kiunoni chini ya nguo na kufungwa kwa velkro, kikiwa na mfuko ulioshonwa wa kutia bastola. Hauhitaji suruali ngumu wala mshipi, na bastola haijichori hata chini ya shati jepesi. Wengi huvutiwa na hayo. Mimi huanza kwingine: ni kitu gani kinachokilinda kifyatulio kisiguswe? Kwenye mikanda mingi ni kitambaa tu, na kitambaa si kinga.

Hilo linapimika bila risasi hata moja. Toa magazini (kisanduku cha risasi kilicho ndani ya mpini), vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) nyuma, tazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, na uiguse kwa kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Kuziweka pembeni ya meza hakutoshi. Ukaguzi huo naurudia kila ninapoishika bastola upya, hata kama nimetoka kuikagua sasa hivi. Halafu koki bastola tupu, yaani vuta slaidi nyuma na uiachie, itie kwenye mfuko wa mkanda ukiwa umelazwa mezani, si mwilini, mtutu ukielekea upande salama, ubonyeze kwa nje pale kilipo kifyatulio: kwa dole gumba, kwa kitako cha kalamu, kwa kitu chochote chenye ncha butu. Usitegemee masikio peke yake, maana kitambaa humeza mlio. Chomoa bastola ukitazame kifyatulio chenyewe. Kwa baadhi ya bastola za kisasa zisizo na nyundo (kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke), kikishafyatuka hubaki kimerudi nyuma mpaka uikoki tena. Ukikikuta hivyo, jibu umelipata. Nyingi za aina hiyo huhitaji mvuto wa kama kilo 2.5 tu, na ukijiegemeza kwa tumbo kwenye kona ya meza unauzidi kwa urahisi. Mkanda ulioshindwa hapo siuvai kama ulivyo, hata uwe umeshonwa vizuri namna gani.

Dawa yake ni ganda la plastiki ngumu, unene wa kama milimita 2, lililofinyangwa kwa modeli ile ile ya bastola na kufunika kinga ya kifyatulio pande zote mbili. Ganda linalodai kuingia bastola zote silitaki. Lililokaa sawasawa huipokea bastola kwa mlio mfupi wa kunasa, na ukilipindua chini juu huku ukilitikisa, bastola tupu haitoki. Kuwa makini na maganda ya bastola yenye taa: mdomo wake ni mpana ili taa ipite, na mara nyingine hubaki nafasi ya kupitisha kidole hadi kwenye kifyatulio. Chungulia kutoka juu. Ukikiona kifyatulio, hata kamba ya koti itakiona. Ganda lifungwe kwenye mkanda kwa skrubu au velkro pana iliyoshonwa. Likiwa limechomekwa tu, siku ya kuchomoa litatoka pamoja na bastola, na utajikuta umeshika silaha isiyoweza kufyatuka.

Kuhusu kukaa mwilini, pima kwa uzito halisi. Bastola tupu hudanganya: risasi 15 za milimita 9 huongeza karibu gramu 180, zote upande wa mpini, na hapo ndipo mkanda huanza kupinda na mpini kuning'inia nje. Jaza magazini risasi bandia zenye uzito unaokaribiana na za kweli, vaa, chuchumaa, inama ufunge kamba za viatu, panda ngazi mbio, kaa kwenye gari na mkanda wa kiti umefungwa. Mkanda ukipanda juu kila unapoketi, hutaupata mpini pale mkono ulipouzoea.

Katika kuchomoa, vidole vitatu vya chini viushike mpini kikamilifu kabla bastola haijasogea, na kidole cha shahada kinyooke kando ya fremu, yaani kiwiliwili cha bastola. Elastiki iliyobana sana hukulazimisha kuushika mpini nusunusu, na mshiko wa nusu haurekebishiki bastola ikiwa tayari hewani.

Kurudisha ndiko kwenye hatari kubwa kuliko yote. Mfuko laini hujifunga ukishatoa bastola, na mtu hushawishika kuupanua kwa mkono wa pili, vidole vikiwa mbele ya mtutu, au kuusukuma mdomo wa mfuko kwa mtutu huku shati likiingia pamoja nao. Bastola ikivaliwa mbele, mtutu unaelekea kinena na mshipa mkubwa wa paja. Kwa hiyo mimi sirudishi bastola kwenye mkanda uliovaliwa. Naufungua wote, nauweka mezani, natia bastola ndani ya ganda nikitazama, ndipo navaa vyote kwa pamoja. Ni polepole, na kwa anayelazimika kuchomoa na kurudisha mara kwa mara kazini, mkanda huu haumfai kabisa. Atumie mfuko mgumu wa kwenye mshipi.

Jasho nalo huingia kila mahali. Futa chuma na kukipaka mafuta kidogo kila jioni ya joto, na fua mkanda kwa maji baridi, kwani moto huua elastiki. Ukiwa mpya, pima urefu wake ukiwa haujavutwa na uandike kwa ndani. Kila ukishafua na kukauka, pima tena. Ukianza kurefuka na velkro kufungwa mbali kuliko zamani, nunua mwingine.