Ushahidi uko wapi?

Leo mchana hapa Dodoma, dada yangu, ambaye ni wakili, kasoma insha yangu ya kuombea uzamili wa sheria Uingereza.

Nilianza hivi: "Tangu utotoni napenda haki."

Akaikata kwa kalamu nyekundu.
"Ushahidi uko wapi?"

Nikanyamaza. Kisha nikamkumbusha dada habari ya shangazi kwenye kikao cha ukoo, akifungua pindo la kanga na kutoa karatasi ya shamba iliyokunjwa mara nne. Hakuna aliyeipokea.

Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume!

Dada akaweka kalamu chini.
"Anzia hapo. Halafu jibu: kwa nini usisomee hapa?"

Hilo swali bado linanisumbua.

Wenzangu mliowahi kuomba, mlilijibuje?